Kauntasinki za chuma: ile seti ya dhahabu, ya meno matatu, na ile yenye tundu ubavuni

Kauntasinki ni kile kifaa cha drili cha kukata koni kwa mdomo wa tundu ndio kichwa cha bolti kizame. Nianze na jibu ndio mwenye haraka aende zake. Kama kazi yako ni chuma na unataka bolti za kichwa bapa zizame zikae sawa na plati, nunua kauntasinki ya meno matatu ya digrii 90, moja moja kwa saizi zenye unatumia, usinunue seti. Ongeza moja ile yenye tundu ubavuni ya kusafisha makali ya matundu, yaani ile mikwaruzo mikali drili inaacha ukingoni. Umemaliza. Ile seti ya rangi ya dhahabu yenye meno matano iko kila mahali kuanzia Kirinyaga Road mpaka kwa simu yako, ni ya mbao, na muuzaji atakuapia ni ya chuma. Wenye wako na muda tuendelee, juu kuna mambo ya pembe na spidi yanaharibia watu kazi hata wakiwa na kifaa kizuri.

Mimi hutengeneza stendi za mashine, meza za chuma na vifuniko vya mikanda, karakana iko upande wa Kariobangi Light Industries. Kazi nyingi ni flati baa ya milimita 6, plati ya milimita 3, alumini kiasi, na mara moja moja stenlesi ya 304 ya watu wa mahoteli. Bolti za kichwa bapa zile za alenki natumia M4, M5 na M6 sanasana (hio namba ni unene wa bolti kwa milimita). Kastoma wa meza hata hajui hio bolti inaitwaje lakini akifika kuchukua mzigo kitu ya kwanza anafanya ni kupitisha kiganja juu, na kiganja kikikwama kwa kichwa kimesimama nje ama ukingo wa tundu umkwaruze, ile bei mlielewana inaanza kujadiliwa upya pale pale. Kwa hivyo nikanunua aina tofauti kwa makusudi nizipime kwa kazi moja, flati baa ile ile, bolti za M6 zile zile, drili ya meza na drili ya mkono.

Seti ya dhahabu kwanza. Unaijua. Kikopo cha plastiki, vipande vitano ama sita, mkia wa pembe sita wa kuingia kwa drili ya betri, inang'aa vizuri. Haifiki elfu moja kwa meza za barabarani, mtandaoni pia ni hapo hapo. Nikamuuliza kijana wa meza kama inakata chuma. "Bosi, hio inakata kila kitu. Mbao, chuma, stenlesi, hata simiti ukitaka." Mtu akishafika simiti wewe lipa ama uondoke, usiulize tena.

Kwa mbao iko sawa kabisa, sitaisema vibaya. Plastiki ngumu pia. Alumini laini ukienda polepole inakupa kitu cha kuangalika. Kwa chuma ikigusa tu inaanza kulia, ule mlio wa kufanya jirani atoe kichwa nje, na ukiiondoa unapata tundu halina duara, liko na pembe pembe na mawimbi mpaka chini kama kitu kimetafunwa. Bolti ukiiweka inakaa juu ya vilima, unakaza leo kesho imelegea.

Sababu iko kwa meno. Meno matano yamepangwa kwa umbali sawa, kila jino linapita pale pale jino la mbele limeacha alama, kifaa kikitetemeka kidogo ile alama inakuwa kishimo, jino linalofuata linadunda hapo na kuongeza kishimo, na mdundo unaendelea kujilisha wenyewe. Alafu meno mengi yanagawana nguvu ya mkono wako, kila moja linapata kidogo, halizami kukata, linasugua tu, na chuma kikisuguliwa bila kukatwa makali ndio yanaisha. Ongeza ule mkia wa pembe sita wenye unachezacheza ndani ya kishikio cha haraka, ongeza drili ya mkono yenye haisimami wima hata ukiwa na mkono wa mwanajeshi, hapo hakuna tundu safi litatoka.

Na hio dhahabu isikubabaishe. Rangi ya dhahabu ya ukweli kwa vifaa vya kukata ni taitaniamu naitraidi, safu nyembamba sana na ngumu sana, inasaidia kifaa kizuri kidumu. Chuma laini ukikipaka hio bado ni chuma laini ndani. Nilipitisha tupa kwa koni ya hii seti na tupa ikauma, ikatoa unga. Kifaa cha HSS (chuma kigumu cha vifaa vya kukata) chenye kimeiva sawasawa tupa inateleza juu yake, haishiki. Alama zangu: mbao nane kwa kumi, chuma mbili, na hizo mbili ni za kikopo juu kikopo ni kizuri.

Sasa pembe, na hapa ndio pesa za watu wengi zinapotelea bila wao kujua. Bolti za kichwa bapa za vipimo vya milimita, yaani karibu zote zenye utapata kwa hadiwea za Nairobi, kichwa chake ni digrii 90. Bolti na skurubu za inchi za Marekani ni digrii 82. Kuna za digrii 100 za watu wa ndege, kuna 60 ya watu wa lethi (mashine ya kuchonga chuma kikizunguka) na ya kusafisha makali, kuna 120 pia. Sasa kauntasinki zinatengenezwa za kila soko na zinaishia kwa meza moja hapa kwetu zikiwa zimechanganyikana, muuzaji anajua saizi na bei tu. Ukichukua ya 82 ukaweka bolti ya 90, kichwa kinakanyaga ukingo wa juu pekee, chini kuna hewa. Kwa macho inaonekana imekaa vizuri kabisa. Ikipata mtetemo wa mashine ule ukingo mwembamba unabonyea na bolti inalegea, na utamlaumu mwenye alikaza.

Kujua ni rahisi. Toboa kipande cha kutupa, kata koni, paka kichwa cha bolti wino wa makapeni, ingiza uzungushe kwa kidole ukibonyeza, toa uangalie. Wino ukifutika upande wote wa koni uko sawa. Ukifutika kwa mzingo wa juu peke yake, pembe ya tundu ni nyembamba kuliko ya kichwa. Ukifutika chini karibu na shingo, pembe ya tundu ni pana kuliko ya kichwa.

Hio ya mwisho ndio unaipata ukitumia drili biti kubwa kama kauntasinki, tabia yenye iko kwa kila karakana ya hii Nairobi na hata mimi kijana wangu nikigeuka ameshika biti ya 13. Drili biti ya kawaida ncha yake ni digrii 118, zingine za chuma kigumu ni 135. Kichwa cha 90 ndani ya koni ya 118 kinashika shingoni tu, juu kuna mwanya pande zote, uchafu unaingia, maji yanakaa, kutu. Na biti kubwa ikiingia kwa tundu lenye liko tayari inapenda kunasa, inajivuta chini yenyewe kwa nguvu, kwa plati nyembamba inakupa tundu la pembe tatu hivi. Kutoa makali kwa mkono, unashika biti na vidole unazungusha mara mbili tatu, hapo sawa, hakuna ubaya. Kukalisha kichwa cha bolti hapana.

Haya, meno matatu. Hizi utazipata kwa maduka ya vifaa vya mashine Industrial Area, wale wanauzia watu wa lethi, sio hadiwea za simiti na rangi. Zinauzwa moja moja kila moja na kimfuko chake na saizi zake ukiziona mara ya kwanza unashangaa: 6.3, 8.3, 10.4, 12.4, 16.5, 20.5. Hizo namba ni kipenyo kwa milimita, na zimefuata bolti. 6.3 ni ya M3, 8.3 ya M4, 10.4 ya M5, 12.4 ya M6, 16.5 ya M8 na 20.5 ya M10. Kichwa cha M6 cha alenki kwa kiwango cha DIN 7991 ni milimita 12, kwa hivyo 12.4 inazamisha kichwa na kuacha nafasi kidogo tu ya kupumua. Kama imeandikwa DIN 335 C kwa mkia ama kwa karatasi ndio hio, kiwango cha Ujerumani, meno matatu, digrii 90, mkia duara. Ya 12.4 mkia wake ni milimita 8, inaingia mdomo wa drili yoyote.

Bei inauma. Moja ya 12.4 nililipa karibu elfu mbili, yaani seti nzima ya dhahabu mara mbili kwa kipande kimoja, na bado mama wa kaunta alinipunguzia juu nilichukua na 8.3. Lakini ukiiweka kwa chuma unaelewa. Kwa drili ya meza, spidi ya chini, tone la oili, unabonyeza na badala ya unga na kelele unaona chuma kinatoka kimejikunja, nyuzi tatu kwa pamoja kutoka meno matatu, na koni inabaki laini inang'aa mpaka unaona taa ya dari ndani yake. Meno matatu yanajikalisha katikati ya tundu yenyewe, hayana la kubishana. Na kila jino linapata nguvu ya kutosha lizame.

Kuna zingine bei juu zaidi zenye meno hayajapangwa kwa umbali sawa. Ukiangalia kutoka mbele unaona kabisa moja limesogea. Imefanywa makusudi, ule mdundo nilisema wa jino kuingia kwa alama ya mwenzake unakosa mpangilio unakufa. Kama unatumia drili ya mkono sana hio ongezeko lipe, kama uko na drili ya meza yenye haitikisiki baki na ya kawaida.

Kwa drili ya mkono ya meno matatu ya kawaida nilipata kazi ya kuridhisha ila sio kila tundu. Shida ni spidi. Drili nyingi za mkono zinafika mizunguko elfu mbili na mia nane kwa dakika ama zaidi ukikamua mpaka mwisho, na fundi wa Nairobi ni lazima akamue mpaka mwisho, ndio aonekane anafanya kazi. Piga hesabu uone. HSS kwa chuma laini inakata vizuri kwa kama mita 25 kwa dakika, kwa kipenyo cha 12.4 hio inakuja kitu kama mizunguko 640, na hio ni ya kutoboa. Kauntasinki unagawanya tena kwa mbili ama tatu, uende 200 mpaka 300 hivi. Stenlesi hata chini ya hapo. Drili ya meza yangu mkanda ukiwa kwa puli ya mwisho kabisa bado iko juu kidogo ya hio na inafanya kazi, lakini nikisahau mkanda kwa spidi ya biti ndogo kelele inanikumbusha.

Kwa hivyo ikianza kulia usipunguze mkono, hapo ndio watu hukosea. Ukipunguza mkono inasugua zaidi, inalia zaidi, chuma kinapata joto. Punguza spidi, ongeza mkono. Kata kwa nguvu ya kusimama, fika kina, toa haraka. Usikae chini ukizungusha ukidhani unalainisha.

Kuna mzee wa lethi hapo karibu na kwangu, yeye tundu likishakuwa na mawimbi hatupi kipande. "Kijana, leta kitambaa." Anakata kitambaa cha pamba kidogo saizi ya stampu, anakikunja mara mbili, anakiweka juu ya tundu, anashusha kauntasinki juu yake polepole sana kwa spidi ya chini. Kitambaa kinakatika lakini kabla kikatike kinameza ule mtetemo na yale mawimbi yanapungua kabisa, wakati mwingine yanaisha. Msasa wa kitambaa pia unafanya. Ila kiwe kipande kidogo tu, usiweke tambara refu likajizungushe na mkono wako, na glavu vua. Mashine inayozunguka na glavu hazipatani hata siku moja.

Mpangilio wa kazi wenye unatoa matokeo ni huu na sitauzungusha. Funga plati kwa vaisi ama kwa klampu. Toboa tundu la kupitisha, M6 ni 6.6 kwa vitabu na 6.5 ndio utapata kwa duka, inatosha. Usifungue kipande. Badilisha biti weka kauntasinki, teremsha spidi, oili, kata. Kwa kutosogeza kipande koni na tundu vinakuwa na kitovu kimoja, ukisogeza kichwa kitakaa upande mmoja na hata nguo ya kiti itanasa hapo. Jaribu bolti, na drili ya meza ikiwa na ile nati ya kuzuia kina iweke ndio matundu yote yanayofuata yawe sawa bila kupima. Huku nyuma usisahau, upande wa chini wa tundu pia una makali, na hapo ndio vidole vya mwenye kubeba vinapitia.

Kwa makali ya nyuma ndio ile ya tundu ubavuni inaingia, na hii naipenda kuliko vile nilitarajia. Ni koni nzima isiyo na meno, imetobolewa tundu la mshazari kupita ubavuni, na ukingo wa hilo tundu ndio unakata. Inaonekana kitu ambacho hakijamalizwa. Lakini juu koni yote inagusa chuma pande zote isipokuwa hapo kwa ukingo mmoja, haina nafasi ya kudunda, hata kwa drili ya mkono inatulia tu. Vipande vinapita ndani ya tundu vinatokea upande ule mwingine. Kwa alumini na shaba inaacha kazi safi sana. Kwa kuondoa makali kwa matundu mengi mfululizo sijaona kitu inaishinda, unagusa sekunde moja unahamia lingine.

Ubaya wake upo. Haiwezi kuanza bila tundu, na haikati tundu dogo kuliko pale ukingo wake unaanzia, ndio maana zinauzwa kwa kadiri, 2 mpaka 5, 5 mpaka 10, 10 mpaka 15, 15 mpaka 20. Mimi niko na ya 5 mpaka 10 peke yake na inanitosha. Kwa koni ya kina kwenye chuma inachoka, tundu lake linajaa inabidi usimame uondoe. Na kunoa ni kazi ya mtu mwenye subira na kijiwe cha duara, ukiifikisha kwa grainda umeizika. Kwa kukalisha vichwa vya M6 siku nzima chukua meno matatu, kwa kusafisha makali chukua hii. Nane kwa kumi.

Kuna ya jino moja pia, haidundi, nzuri kwa drili ya mkono, inakata polepole. Nimeitumia kwa mwenzangu, sijanunua, sitaiwekea alama.

Na ile ya mkono yenye kisu kilichopinda kinachozunguka kwa mpini, ukiwa na plati iliyokatwa na grainda, hio inasafisha kingo ndefu na matundu ya ovyo ovyo. Haikalishi kichwa cha bolti. Bei ni ya chakula cha mchana cha watu wawili, nunua tu.

Oili. Kwa chuma tumia oili ya kukata, ile ya kopo ndogo ya watu wa tepu za nyuzi, ukikosa sana oili mpya ya injini inasaidia kuliko kukausha. Ile iliyotolewa kwa gari wacha, ina uchafu na inatoa moshi mbaya. Kwa alumini mafuta taa yanafanya kazi vizuri sana, tone moja mbili, juu alumini inapenda kujibandika kwa makali, na ikishajibandika kifaa hakikati tena, kinapaka tu. Na kwa alumini hio rangi ya dhahabu haikupi faida, kifaa kitupu kinachong'aa ndio kizuri.

Stenlesi nayo ni kesi ya peke yake. 304 ukiisugua inakuwa ngumu pale pale ulipoisugua, na ukirudi kukata unakuta kioo. Kwa hivyo hakuna kugusa gusa, ukishuka shuka kwa nguvu, spidi ya chini kabisa, oili nyingi, ukate mpaka mwisho. Hapa HSS ya kawaida inafanya ila haidumu, yenye kobalti asilimia 5 inavumilia joto zaidi. Kama stenlesi unafanya mara mbili kwa mwaka usinunue ya kobalti, kama uko na kandarasi ya jikoni za mahoteli nunua na ufiche, vijana wasiitumie kwa mbao.

Kabla ya kununua chochote angalia kwanza unene wa chuma chako. Kichwa cha M6 kinazama milimita 3.3, M5 ni 2.8, M4 ni 2.3, M8 ni 4.4. Kanuni yenye nafuata ni koni isipite theluthi mbili za unene, juu ukipita hapo chini kunabaki ukingo mwembamba wa kisu, bolti ikikazwa unakatika. Plati ya 6 inabeba M6 bila shida, M8 inakuwa imezidi. Plati ya 3 inabeba M3 kwa raha, M4 nafanya kwa kazi nyepesi, M5 sigusi. Kuna watu wananiletea plati ya milimita mbili wanataka M6 izame sawa na juu, mkubwa, haiwezekani, hio weka bolti ya kichwa cha mviringo ukae na amani. Kauntasinki ya bei yoyote haiwezi kutengeneza unene wenye haupo.

Na kama kazi inaenda kwa rangi ya unga ya kuchomwa kwa oveni, kata koni zaidi kidogo sana. Rangi ya unga huwa na unene, mara nyingi kati ya maikroni 60 na 100 kila upande, na inajaa ndani ya koni. Bolti ilikua sawa na plati wakati wa kujaribu, ikirudi kutoka kwa rangi imesimama nje na ukikaza kwa nguvu rangi inapasuka mviringo kuzunguka kichwa. Ama ziba koni kwa plagi za silikoni kabla ya kupeleka. Wenye kupaka hawatakukumbusha, kazi yao ni kupaka.

Sasa ukifika dukani. Omba kutoa kwa mfuko. Laza mkia juu ya kioo cha kaunta uuzungushe kwa kidole, ncha ikicheza juu chini mkia haujanyooka na itakata tundu kubwa kuliko saizi yake. Washa tochi ya simu uangalie makali, ukiona mstari mweupe unang'aa kwa ukali hapo pamelala ama pamevunjika, kali ya ukweli haionyeshi mwanga. Meno yote matatu yafike kimo kimoja. Maandishi ya HSS kwa mkia ni mazuri lakini maandishi yanaandikwa na yeyote, kwa hivyo duka lenye linakubali kurudishiwa na lina risiti ndio ulipe bei ya juu, meza ya barabarani lipa bei ya meza.

Meza za mtumba usizidharau. Kwa zile za vifaa vya zamani kuna siku unapata kauntasinki za viwanda vya Ulaya, nyeusi, chafu, zimechoka makali na zinauzwa kwa bei ya soda chache. Chuma chake mara nyingi ni kizuri kuliko kipya cha kikopo. Zinanoleka, ila noa uso wa ndani wa jino kwa kijiwe kidogo bapa, misuguo michache sawa kwa kila jino, usiguse mgongo wa koni. Ukigusa mgongo umeondoa ile mteremko wa nyuma unaofanya jino lizame, na kifaa kitaanza kusugua milele. Angalia pembe kwa ile njia ya wino kabla hujaitumia kwa kazi ya mtu, juu za zamani za Uingereza na Marekani ziko na kila pembe.

Mwenye anaanza na pesa kidogo achukue 10.4 ya meno matatu kwanza. Inafanya M5 vizuri, M4 pia kwa kusimama kabla ya kina, na matundu madogo yote inasafisha. Baadaye 12.4. Alafu ya tundu ubavuni ya 5 mpaka 10. Kwa duka lenye nilienda 12.4 huwa inaisha haraka juu kila mtu anafanya M6, kwa hivyo piga simu uwaulize waiweke kando kabla ya kuingia matatu, na Jumamosi wanafunga mapema.